Marashi ya Wafalme na Ng'ombe wa Kogo

Shangazi yangu ni nesi huko Uingereza. Likizo ya Agosti alimletea nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kogo, chupa ya marashi kutoka duka moja la kale la London. Alituambia duka hilo limekuwa likiwanukisha wafalme tangu zamani za mawigi. Mimi nikajiambia, kumbe hata wafalme walikuwa na shida ya kuoga.

Jumapili asubuhi Kogo alijipulizia mpaka nikapiga chafya, kisha akaenda kukamua. Pasta alikuwa anakuja kwetu baada ya ibada, na kumpa pasta strungi, chai isiyo na maziwa, kwa Kogo ni aibu ya kuhama kijiji.

Ng'ombe alimnusa, akarudi nyuma, akabana maziwa yote.

"Si ni mimi!" Kogo akamlilia.

"Kogo, anadhani wewe ni malkia," nikasema. "Anaona haya."

"Nyamaza, ama nikukamue wewe!"

Akanawa kwa sabuni ya kufulia. Wapi! Kitu cha Mwingereza hakiondoki kwa kuombwa. Mwishowe akaingia jikoni, akainamia moto wa kuni na kujifukiza moshi kama kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Aliporudi, ng'ombe alimlamba mkono, na maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo.

Shangazi alisimama mlangoni amenuna. "Mama, umefukuza marashi ya wafalme kwa moshi?"

Kogo hakugeuka. "Hao wafalme waje wakamue."