Saa Niliyoisimamisha

Nichekeni tu, jamani, maana hata mimi najicheka. Bruda Mjerumani wa misheni yetu hapa Ifakara alikuwa akitengeneza saa ya mkubwa wa boma. Alipokwenda Kivukoni, aliniachia kazi ya kuipima.

"Leo ilaze chali, kesho isimamishe. Nikirudi nitailinganisha na yangu, nione kama inakimbia au inachelewa."

Siku hiyo niliilaza kwenye mto wangu, mimi nikalala mkekani. Kesho yake nikaifungua mgongo, nikazuia kigurudumu kwa unyoya wa kuku. Ikanyamaza. Fundi mimi!

Bruda alirudi na mkubwa mwenyewe, akaukuta unyoya.

"Si uliniambia niisimamishe, Bruda?"

"Simama!" akafoka.

Nikasimama wima.

"Umesimama?"

"Ndiyo, Bruda."

"Mbona bado unapumua?"