Jibu la Shangazi Lilichelewa

Siku moja ya Saadani naikumbuka kila nikichoka, mwanangu Salma, na siku hizi nachoka mapema.

Shangazi yangu Mwanaidi alizaliwa na miguu isiyomchukua na ulimi mzito. Neno lilimtoka kwa shida, lakini ukingoja unalipata. Mimi ndiye niliyemtunza: namwogesha, namvalisha, namkalisha barazani achambue uduvi. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijiona nayajua mambo yake yote. Wakimwamkia shikamoo, marahaba naitikia mimi. Utovu wa adabu mtupu, na mimi nikiuita huruma.

Basi alikuwapo mnunuzi wa samaki wakavu kutoka Vigwaza, bwana aliyefiwa na mkewe. Kila akija, alimsikiliza shangazi mpaka amalize. Siku hiyo akakaa mbele yake, akasema, "Bi Mwanaidi, nikiwatuma wazee wangu kuleta posa, utawapokea?"

Shangazi akafungua kinywa. Nikamuwahi. "Mjomba, shangazi mambo haya hayawezi."

Yule bwana akainama kidogo, akaniamini, akaondoka. Tulipobaki wawili ndipo neno la shangazi likatoka: "Watume."

Nilitoka mbio, lakini gari alilopanda lilikwisha ondoka. Hakurudi tena.

Jioni nikimwosha miguu, shangazi akaniambia, neno moja moja, "Mwili nimekupa uuoshe. Mdomo sikukupa." Hakulirudia tena. Nilimlisha miaka mingi hadi alipofariki, na kila tonge lilikuwa na aibu yangu ndani yake.

Sasa kiharusi kimeukalia ulimi wangu mwenyewe. Jana hospitali nesi alikuuliza wewe, nami nipo mbele yake, bibi anaumwa wapi. Ukasema mguu. Ni bega, mwanangu. Nilinyamaza kwa kuchoka tu, tukarudi Bagamoyo na dawa ya mguu. Sikulaumu. Unanifulia, unaninyanyua, mgongo unakuuma na husemi. Kazi hiyo naijua.

Ila nakuusia hivi: unayemtunza usimsemee. Akiulizwa, nyamaza, umngoje, hata wenye haraka wakikunja uso. Akishindwa kabisa, muulize yeye kwanza kama umsaidie.

Maneno haya nimeanza kuyasema asubuhi, na sasa wanaadhini adhuhuri. Umeyangoja yote. Mungu akuhifadhi, mwanangu, na ukizeeka akujaalie mtu wa kukungoja.