Chombo cha Kumtia Mutie

Mutie alikuwa mwokaji mikate pale Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na tangu ujana wake kila alfajiri ilimkuta mbele ya tanuri. Kwa hiyo alipomwambia mkewe, Kasiva, kwamba akifa achomwe, hakusema kwa huzuni hata kidogo. Alikuwa anakunywa chai. "Mimi na moto tunajuana," alisema. "Udongo sijawahi kufanya kazi naye." Maneno hayohayo aliyarudia mbele ya mchungaji, mbele ya ndugu yake Mbithi, na mbele ya mteja yeyote aliyeingia kununua mkate bila kuwa na haraka. Watu wakacheka. Mutie alikuwa mtu wa mzaha, nani angejua kwamba hapo hakuwa akitania?

Kasiva alijua. Ndiyo maana moyo wa Mutie uliposimama ghafla akiwa anakanda unga, mama huyu mfupi ambaye hajawahi kugombana hata na makanga wa matatu aligoma katakata kununua jeneza. Alimpeleka mumewe Mombasa, akachomwa kama alivyotaka, kisha akarudi Kambu na boksi mapajani. Huyo ndiye Kasiva. Akikuahidi maandazi saa kumi na mbili, saa kumi na mbili utayapata, hata mvua inyeshe mawe.

Sasa, Ukambani mtu huzikwa kwao, na kwao Mutie ni Kalamba. Tena huzikwa kwa hema, vipaza sauti na sufuria za kutosha kulisha kata nzima. Mbithi aliposikia habari alishika kiuno. "Tutazika nini sasa?" Vijana wa kubeba jeneza walijiona wamefutwa kazi. Kina mama wa kanisa hawakujua waimbe wimbo gani, maana nyimbo zao zote zinataja udongo. Mchungaji alisema Biblia haijakataza, ila alisema kwa sauti ya mtu anayeomba asiulizwe tena.

Hayo yote Kasiva angeyamudu. Asilolimudu lilikuwa neno la mama mkwe wake, Syokau. "Mimi nilizaa mtoto," Syokau alisema, "sikuzaa jivu. Hilo boksi lisiingie nyumbani mwangu." Na katika boma lile la Kalamba hakuna shimo linalochimbwa, hata la choo, kabla Syokau hajasema lichimbwe. Kasiva alitaka kitu kimoja tu duniani: Mutie alale kando ya kaburi la baba yake, asije akaitwa mwanamke aliyemwacha mumewe bila mahali. Usiku alijigeuza na wazo hilo hadi shuka ikawa kamba.

Akajiambia labda akipata chombo cha heshima yule mzee Syokau atalainika. Haya, akaanza kutafuta chombo. Kule Mombasa alikuwa ameonyeshwa cha shaba chenye mikono miwili, kinang'aa kama kikombe cha washindi wa mpira, na Mutie hakuwahi kufunga bao maishani. Kingine kilikuwa cha mawe meupe, juu kimekaliwa na njiwa. Kasiva alimsikia kabisa mumewe akiuliza huyo njiwa anataka nini. Akaviacha vyote. Sokoni Kasikeu alipata chungu kizuri cha udongo, cheusi, kimefinyangwa vizuri, na yule mama muuzaji alikuwa ameshaanza kukifunga kwa gazeti alipouliza ni cha kupikia nini. Kasiva hajui kudanganya. Alimwambia. Yule mama alikifungua chungu chake taratibu, akakipangusa, akakirudisha nyuma ya vingine.

Jirani yake wa Kambu, Esha, anayeuza chai na mahamri mlango wa pili, alijaribu kusaidia. "Kwetu mtu huvishwa sanda na kuzikwa siku hiyohiyo," alisema. "Mambo ya vyombo siyajui, dada. Lakini kama unafikiria kibuyu, usithubutu, kitapasuka."

Wakati huo boksi la Mombasa lilikuwa limeanza kuachia pembeni. Kasiva alitoa ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia pale dukani, akaiosha, akaianika juani, akammimina Mutie humo na kufunika. "Ni kwa muda tu, baba," alimwambia. "Usininunie."

Akafunga safari ya Kalamba kwenda kubembeleza tena. Alifika na ndoo yake, na hapo ndipo akakwama. Nyumbani imekatazwa kuingia. Langoni huwezi kumwacha mtu kama mzigo wa kuni. Basi akaiweka ghalani, kwenye kona, karibu na magunia, akaingia kumsalimu mama mkwe. Syokau hakuuliza kitu, naye hakusema kitu. Walikula wakisikiliza redio.

Asubuhi Kasiva alitoka kwenda kumwomba mchungaji aje aseme na mzee. Mchungaji alikuwa na mafua na sababu nyingine kadhaa. Aliporudi, jua likiwa utosini, alimkuta Syokau amekaa kivulini nje ya ghala, miguu ameinyoosha, mbele yake kumeanikwa turubai lenye lundo la kunde za msimu. Alikuwa anaimba. Kasiva hakuwa amemsikia akiimba tangu msiba.

"Njoo ukae," Syokau alimwita. "Kumbe unanifikiria. Tangu mniletee hiyo gesi yenu, nyumba hii haina jivu. Nimezunguka kwa majirani nikiomba jivu la kuhifadhia kunde kama nimeishiwa na kila kitu. Kumbe umenibebea la kwenye tanuri, na hukusema." Akazamisha mikono kwenye kunde, akazigeuza. "Jivu zuri hili. Zito. Hapa fukusi hatatia mguu mpaka mwaka kesho."

Ndoo ilikuwa kando yake, tupu.

Kasiva akakaa. Hapa tuseme ukweli, hata wewe ungefikiria kunyamaza. Mzee alikuwa anatabasamu. Alikuwa amemwekea chai kwenye kikombe chenye maua, kile cha wageni. Ingekuwa rahisi kusema asante mama, na maisha yaendelee. Lakini kunde zile zingeliwa. Zingepikwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, sikukuu ikifika, na wa kwanza kupakua angekuwa Mbithi, ambaye hapitwi na sahani.

"Mwaitu," Kasiva alisema, maana hivyo ndivyo anavyomwita, mama. "Hilo si jivu la mikate." Akazionyesha kunde kwa kidole. "Huyo ni Mutie."

Mikono ya Syokau ilisimama ndani ya kunde. Aliitoa polepole, akaitazama. Ilikuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko. Kasiva alingoja kelele, alingoja kufukuzwa, akaanza hata kuwaza basi la kurudi Kambu lapita saa ngapi.

"Huyu?" Syokau aliuliza.

"Ndiye, mwaitu."

"Mbona ni mzito hivi?"

"Si unajua alivyokuwa. Alikuwa mtu mkubwa."

Mzee hakujipangusa. Alikaa na mikono yake imefunguka mapajani, vidole vimeachana, kama mtu aliyepakatishwa mtoto na hajui amshike wapi. Kisha akasema, "Lete chekecheke."

Wakaanza kumchekecha. Mmoja anamimina, mwingine anatikisa, kunde juu, Mutie chini kwenye leso safi. Baada ya muda Syokau akaanza kumkaripia mwanawe. Hata akiwa mdogo alikuwa hatulii, alisema, ukimweka hapa unamkuta kwenye gunia, na sasa tazama. Kasiva aliuma mdomo asicheke. Syokau akamtazama, akaona, na kicheko kikawapasua wote wawili. Walicheka mpaka chekecheke ikaanguka. Na kicheko cha Syokau kikageuka katikati, kikawa kilio, kilio kikubwa cha kutoka tumboni, kuku wakatawanyika.

"Mlimtoa Kambu mkampeleka Mombasa," alisema alipoweza kusema. "Mimi mama yake sikumgusa. Sikumwona hata uso. Ningelia nini? Ningemlilia nani?"

Kasiva alikuwa amekimbia huku na huko kutimiza neno la mume, na katika mbio zile hakupita Kalamba. Iliuma, na alisema iliuma. "Nisamehe, mwaitu." Syokau alimshika mkono, wote wawili wa kijivu, wakakaa hivyo.

Kunde zenyewe, kama unauliza, hazikuliwa. Ziliwekwa za mbegu.

Lilipobaki swali la chombo, Kasiva alianza kueleza habari za shaba na njiwa, na Syokau akamtazama kama anayesikia upuuzi redioni. Aliingia chumbani mwake, akarudi na kiondo chake cha kanisani, cha mkonge, alichokisuka mwenyewe kwa nyuzi zilizobanana kiasi cha kubeba unga bila kumwaga. Alimwaga kitandani Biblia, miwani na peremende. Akaikunja ile leso na Mutie ndani yake, akaiingiza kwenye kiondo, akafunga mdomo kwa uzi na kuukata kwa meno.

Jioni alimpigia Mbithi simu. Asubuhi Mbithi alifika na jembe, akatazama kiondo, akatazama ardhi kando ya kaburi la baba yao, akatia alama ya shimo dogo, kama la kupandia mpapai. Alikuwa ameshachota udongo wa kwanza Syokau alipotoka nje.

"Hilo ni la nani?"

"La Mutie, mwaitu. Nimepima kwa macho, kiondo kitaingia sawasawa."

"Panua," Syokau alisema. "Chimba la mtu mzima, tena refu. Mwanangu miguu yake ilikuwa inapita kitanda."