Pipa ya jirani yangu iko kwangu

Minye masomo haikunifikisha mbali, lakini kinywa Mungu alinipa, na kwa kinywa hii ninatosha batu mu pombe, banaiacha kabisa. Kila siku ya ine, mu sali ya mikutano ya kanisa hapa Kilibula, banakuya: bavuvi, mwalimu mumoja, hata mama mwenye kuuzisha nyanya. Tunakunywa chai, kila mutu anasema vile juma yake ilimupitia. Tunacheka sana. Lakini musizani nilianza juu ya mapendo. Nilianza juu ya hasira.

Mutoto wangu wa kwanza alikufaka na kanyanga, ile pombe kali ya mihogo. Alikuwa anaikunywa kwa jirani yangu, mama mwenye alikuwa na pipa kubwa ya kuipikia nyuma ya nyumba. Sasa kwetu, mutu akifiwa, majirani banaleta vile biko navyo: kuni, unga, samaki ndagala. Yeye akaleta bido, dumu muzima ya kanyanga. Akaiweka pembeni ya mukeka yangu, akaniambia pole. Batu bakakunywa mu kilio ya mutoto wangu kitu ile ile yenye ilimuua. Nikaapa mu roho: weye, bakiriya bako nitabakunyanganya moja moja.

Na nikafanya. Mwenye ameacha pombe, siku ya yenga, tukienda kanisani, ninamupitisha mbele ya mulango ya ule mama, shati imepigwa pasi, na ninamusalimia mama kwa sauti, aone vizuri.

Asubui moja ule mama akakuya mwenyewe kwangu, kitenge imefungwa ovyo. Mutoto wake wa mwisho, mwanaume muzima, kanyanga ilimushika: anatetemeka, anatapika. Aliogopa atamuzika. Nilimuacha asimame. Nikachambua mboga yangu ya lengalenga mpaka ikaisha.

Nikamwambia kwanza amupeleke kwa munganga wa hospitali, juu kuacha kwa gafula inaweza kuua. Kisha nitamupokea, lakini kuko jambo moja.

«Sema, mama,» akaniambia.

«Hawezi kupona mu nyumba yenye inanuka kanyanga. Pipa itoke.»

Akasema pipa ile njo inamulisha.

«Hata minye nilikuwa na mwenye alinilisha.»

Ile neno ya nyumba kunuka ilikuwa kweli, kila mwenye kufanya kazi yetu anajua. Lakini siku ile, kweli ilikuwa tamu kupita asali.

Aliibilingisha mwenyewe mu barabara, katikati ya kartie, mutaa yetu, batu bamesimama kwa milango. Nikamuonyesha nafasi chini ya bati ya nyumba yangu: aiweke pale, mvua iko karibu.

Mutoto wake iko muzima, anachekaka kupita bote, na ninamupenda. Yeye hana kosa. Mama yake anauzisha ndagala sasa. Pipa niliisugua na muchanga na majivu, maji yetu ya chai inatoka mule. Siku ya ine akikuya kumungojea mutoto wake, ninamupatia kikombe. Anajua maji imetoka wapi. Anakunywa, na ninamuangalia mpaka amalize.