Viwanja Vitatu na Barua Moja

Vumbi la matofali yaliyosagwa, likinyeshewa mvua ya Aprili, lina harufu yake. Si harufu ya udongo wa shamba wala ya saruji. Iko katikati, ya baridi, na ina chembe ya kutu ndani yake. Inakaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Baba aliileta nyumbani kwetu Jordbro, pembezoni mwa Stockholm, kila jioni theluji ilipokwisha kuyeyuka, kwenye magoti ya suruali na ndani ya gambuti, na Mama alimzuia mlangoni avue kwanza ndipo aingie. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliichukia harufu ile kwa moyo wangu wote. Siku hizi nikikutana nayo, mara nyingi pembeni mwa jengo linalobomolewa, nasimama kidogo, kisha naondoka haraka.

Vumbi hilo lilitoka kwenye uwanja wa besiboli. Najua msomaji atashangaa. Hata sisi tulishangaa. Huko Stockholm mchezo huo unachezwa na watu wachache, na ligi ninayoisimulia ilikuwa ya daraja la chini kabisa. Timu zake zilikutana Jumamosi, wachezaji wakiwa madereva, wauguzi, wanafunzi na watu wa maghalani, na watazamaji wakiwa wake zao na mbwa wao. Kwa kuwa hakuna aliyeihitaji, ligi hiyo haikuwahi kuwa na kwake. Iliishi kama mpangaji, popote penye ardhi ambayo manispaa ilikuwa haijaipangia kazi, na kazi ikipatikana, ligi inafungasha. Aliyeijua historia yote hiyo alikuwa Papa Furaha, Mkongo kutoka Bukavu, aliyefanya kazi ghala moja na Baba na ndiye aliyekuwa mrushaji mpira wa timu ya Jordbro. "Terrain ya kwanza, kule Rågsved, ilikuwa mawe mutupu," alikuwa akituambia, huku akipandisha suruali atuonyeshe makovu. "Unateleza mara moja tu, voilà, magoti inaisha. Kisha bakajenga manyumba juu yake, bakatufukuza." Alicheka kila alipofika hapo, lakini macho yake hayakucheka.

Uwanja wa pili ndio wetu. Ulikuwa nyuma ya maghala, kati ya barabara ya malori na msitu wa misonobari, na upande mmoja ulikuwa na bwawa la maji yasiyoondoka. Siku moja Baba alikuwa akirudi kutoka kazini akamkuta Papa Furaha na wenzake wakihangaika na kichuguu, yaani lile tuta la udongo anaposimama mrushaji. Walikuwa wakirundika udongo na mvua ikiubeba. Baba hakujua lolote kuhusu besiboli. Lakini kabla ya kuja Sweden kumfuata Mama, aliyekuja kusomea uuguzi, alikuwa mtunza viwanja wa chuo cha ualimu kule Songea, na maji yaliyotuama aliyajua. Akaweka mkoba wake chini, akaomba reki. Hapa nchini hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza Baba kitu anachokijua, mpaka siku ile.

Basi akawa mtu wa uwanja. Alichimba mtaro mwembamba kuelekea msituni na bwawa likakauka kwa wiki moja. Alileta kamba na pima maji, akakipima kichuguu kila upande, kisha akapiga magoti na kukisawazisha kwa viganja, taratibu, hadi pakang'aa. Mistari ya chokaa aliichora mwenyewe, akitembea kinyumenyume na toroli, na ole wake atakayeikanyaga kabla ya mchezo. Warushaji wa timu nyingine, watu wazima warefu, walikuwa wakishuka kichuguuni na kwenda kumpa mkono. Sheria za mchezo hakuzielewa hata siku moja. Alizipigia makofi timu zote mbili, na aliudhika tu pale mtu alipochimba udongo kwa kiatu. Ghalani alikuwa mwanamume mmoja mwenye fulana ya njano miongoni mwa wengi wenye fulana za njano. Uwanjani walimwita kwa jina, hata wale waliokuwa wakilitamka vibaya.

Mimi niliona kitu kingine. Niliona mzee mwenye gambuti akiwa amepiga magoti matopeni huku watoto wa darasa letu wakipita kwa baiskeli kwenda ziwani kuogelea. Jumatatu yake mmoja wao alipiga magoti kwenye ukumbi wa shule akawa anapapasa sakafu kwa viganja viwili, na wote wakacheka. Nami nilicheka. Niliporudi nyumbani Baba aliniuliza habari za shule kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiswidi, jambo ambalo Mama alikuwa amelikataza, na nikaenda zangu chumbani. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: uwanja ule uondoke.

Hapa nieleze utaratibu wa nyumbani kwetu, kwa sababu bila huo hakuna kisa. Mama alikijua Kiswidi vizuri kuliko sisi wote, lakini barua za Baba zilisomwa na mimi. Baba alikijua Kiswidi cha ghalani, cha kusalimiana, kubeba na kupumzika. Kile cha ofisini, chenye maneno marefu yaliyounganishwa mkia kwa kichwa, kilimshinda. Kusomewa na mkewe kila siku kulimkera. Kusomewa na mtoto hakukumkera, kwani aliona ananifundisha kazi. Kwa hiyo alikaa mezani, akaifungua bahasha kwa kisu, akanisogezea. "Mama, hebu nisomee," alikuwa akisema. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mimi nilipitisha macho, nikamwambia kwa sentensi moja au mbili inasemaje. Alinisifu kwa hilo mbele ya wageni, kwamba binti yake anaweza kuchukua kurasa mbili za Waswidi akazifanya maneno matano.

Barua yenyewe ilikuja mwezi wa Mei. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amehamia kaskazini majira ya baridi, na anwani ya klabu ikawa yetu kwa kuwa Baba ndiye aliyekuwa na funguo za kibanda cha vifaa. Ilikuwa ya kurasa mbili. Manispaa ilikusudia kuigeuza ardhi ile iwe ya maghala. Wanaoutumia uwanja walikaribishwa kutoa maoni yao kabla ya mwisho wa mwezi, na klabu itakayojibu ingefikiriwa kupewa uwanja mwingine humo humo Haninge, manispaa yetu. Hakuna neno hata moja lililonipita. Niliisoma mara mbili, tena polepole, wakati Baba akinisubiri na kikombe cha chai mkononi.

"Inasemaje?" akauliza.

"Bara information," nikamjibu kwa Kiswidi. Ni taarifa tu.

Akanywa chai. "Hawataki kitu kwetu?"

"Hawataki kitu, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuvaa gambuti. Mimi niliichukua ile barua nikaitia kwenye mfuko wa magazeti ya zamani, ule tunaoupeleka kwenye kontena la karatasi, na siku iliyofuata nikaupeleka mwenyewe bila kuambiwa. Mama alinishukuru. Sikulala njaa, sikuota ndoto mbaya, na ukweli unaoniuma hadi leo ni kwamba nilijisikia mwepesi. Juni ikapita, Julai ikapita, na Baba akapanda nyasi mpya mahali palipokuwa bwawa.

Agosti walikuja watu wawili wenye vigingi vya mbao na utepe wa rangi ya chungwa. Tulikuwa uwanjani, Baba, Papa Furaha na mimi, niliyekuwa nimelazimishwa kuja. Kigingi cha kwanza walikipiga katikati ya nyasi mpya. Baba akawaendea, akaanza kwa Kiswidi chake, kikamkwama njiani, akageuka kuniita. Nikawa mkalimani. Mmoja wao, mwanamke mpole mwenye makaratasi kwenye ubao, akanieleza polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto. Alisema waliandika barua Mei. Hakuna aliyejibu. Wangejibu, labda ingetafutwa sehemu nyingine karibu, lakini sasa mambo yamekwisha. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli.

"Anasemaje?" Baba akauliza.

"Anasema mambo yamekwisha kuamuliwa," nikamwambia.

Neno la Kiswidi la barua Baba alilijua. Barua zilidondoka mlangoni petu kila siku ya kazi. Jina la mwezi wa Mei alilijua pia. Aliniangalia, na nikaangalia viatu vyangu. Papa Furaha alituangalia sote wawili. Kisha Baba akamwambia yule mwanamke asante, akachukua reki, akaenda kuufukia mguu wa kile kigingi vizuri ili nyasi zilizokizunguka zisife.

Timu ya Jordbro ilicheza hapo mara ya mwisho Septemba, katika baridi, ikashindwa vibaya. Mwaka uliofuata ligi ilihamia Upplands Väsby, kaskazini ya mbali, uwanja wa tatu, mahali ambapo ndege zinazotua Arlanda zinapita chini hadi unaona magurudumu. Wachezaji wengi wa Jordbro waliacha. Papa Furaha aliendelea. Baba naye alijaribu, na Jumamosi ya kwanza nilikwenda naye kwa sababu dhamiri ilikuwa imeanza kunisuta, ingawa nilijiambia nakwenda kutazama ndege. Alikuwa amebeba reki yake. Tulipanda treni, tukabadilisha katikati ya jiji, tukapanda nyingine, na njia nzima watu waliyapisha meno yale ya chuma huku wakijifanya hawaoni. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Uwanja wa Upplands Väsby ulikuwa mzuri sana. Kulikuwa na uzio, viti vya mbao, na kijana wa manispaa juu ya mashine ndogo aliyekuwa akiusawazisha udongo kwa kuzunguka mara tatu. Kichuguu kilikuwa kimefunikwa kwa turubai. Baba alimsogelea yule kijana, akasema jina lake, akaonyesha reki. Kijana alitabasamu, akasema asante, hawahitaji msaada, kila kitu kimepangwa. Safari hiyo Baba hakuniita kutafsiri. Tulikaa kwenye viti vya mbao mpaka mchezo ukaisha, akazipigia makofi timu zote mbili, tukarudi. Reki aliishusha kwenye stoo yetu ya chini, akaifunga kwa kufuli, na Jumamosi zilizofuata alianza kuchukua zamu za ziada ghalani. Hakuna aliyemuuliza tena kitu anachokijua. Alizeeka ghafla, nami nilikuwepo nikitazama.

Siku hizi Rågsved pana nyumba, kama alivyosema Papa Furaha, na ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi ukamuuliza mtu uwanja wa besiboli atadhani umepotea nchi. Jordbro pana ghala refu lisilo na dirisha. Nasikia Upplands Väsby nako ligi imeondoka, sijui imekwenda wapi. Watoto wa darasa letu, wale wa baiskeli, wengine ni marafiki zangu hadi leo, na nilipomkumbusha yule aliyepapasa sakafu hakukumbuka kabisa. Mwanangu ana miaka kumi na moja. Ananijibu kwa Kiswidi ninapomsemesha Kiswahili, na simkatazi, kwani sijui ningemkataza kwa uso gani. Wakati ule nilidhani uwanja ni matope na aibu. Sasa nina kazi nzuri, nina jina langu kwenye mlango wa ofisi, na ndiyo kwanza nimeelewa jinsi ilivyo taabu mtu kupata mahali pamoja duniani ambapo watu wanamhitaji.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Baba macho yamefifia, na hospitali ilikuwa imemwandikia kuhusu upasuaji. Mama alikuwa jikoni, na redio ilikuwa ikiongea mezani. Baba alinisogezea bahasha mezani, ikiwa imekwisha kufunguliwa kwa kisu.

"Nisomee, mama. Fupisha tu, kama zamani."

Sikujua alikuwa na maana gani, na uso wake haukunisaidia. Sikufupisha. Niliisoma yote, sentensi baada ya sentensi, kwa Kiswidi kisha kwa Kiswahili, tarehe, jengo, ghorofa, dawa asizopaswa kumeza asubuhi hiyo, namba ya simu na saa za kupiga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hiyo ndiyo yote?" akauliza.

Katika miaka yote ya kumsomea barua hakuwahi kuniuliza hivyo.

"Hapana, Baba," nikasema. "Kuna moja ya zamani sikukusomea."

Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Isome," akasema.