Cheche ya Mita Moja

Fundi wa maabara yetu ya umeme hakupaza sauti. Akikasirika, sauti yake ilishuka, na vidole vyake vyenye makovu ya kuungua vikaanza kukunja na kukunjua futi kamba. Kila cheche ya koili ya Tesla, mtambo wetu wa kurusha cheche ndefu za umeme hewani, aliipima mwenyewe, mara tatu. "Mapigo ya umeme yakifuatana upesi, yanaikuta njia ya cheche ingali moto, inarefuka," alituambia sisi walimu. "Lakini pigo lenyewe likiwa dogo, haifiki mbali. Mkizidisha kasi tu, mnachemsha mafuta ya kapasita, humo chaji inamohifadhiwa."

Siku ya wageni, cheche ilifika mita moja. Mkuu wa idara akataka mbili.

"Ongeza kasi, mama."

"Haitafika, mzee. Kapasita itapasuka."

Mkuu akacheka, akampita, akazungusha swichi ya kasi mwenyewe hadi mwisho. Cheche ikanenepa, ikanguruma, ikarefuka kwa kiganja tu. Kisha kapasita ikapasuka, mafuta ya moto yakamrukia fundi shingoni.

"Mtuwie radhi," mkuu akawaambia wageni, "fundi wetu ameharakisha mno."

Walimu tukatazama viatu vyetu, nikiwemo mimi. Fundi akazima umeme kwanza, akahakikisha hakuna chaji iliyobaki ya kumdhuru mtu. Ndipo akamgeukia mkuu, kwa sauti ndogo iliyosikika hadi mlangoni.

"Rudia hayo ukinitazama usoni, mzee. Nani alizungusha swichi?"

"Mama, kwanza kamwagie maji hiyo shingo."

"Nitaimwagia ukishajibu."