Tosti ya Tuna na Paka Mkalimani

Mimi nimezaliwa na kukulia Mlandege, Iringa, na kama nina hasira za haraka, msinilaumu mimi, laumuni baridi. Nikaolewa Mbeya, pale Iyunga, kwa Wanyakyusa, watu wakarimu wanaoweza kukubebesha mkungu wa ndizi hata hujamaliza kupiga hodi. Nilielezwa mengi kabla ya harusi. Habari ya baba mkwe hakuna aliyenieleza.

Kwao, kwa mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wamegombana, la hasha, ni heshima. Akikohoa uani, mimi nakimbilia ndani. Nikitokea sebuleni bila kujua, yeye anageukia ukutani na kusoma kalenda. Kuzungumza ndiyo kabisa, usithubutu. Siku hizi wengi wameshaacha mambo hayo, wanakaa sebule moja na wakwe zao wanaangalia mpira. Lakini wa kwangu ni mzee wa Kyela, na alishaamua kwamba kama mila hii itakufa, haitafia mikononi mwake.

Hayo yote ningeyamudu. Kilichoniuma mimi ni chakula. Kila alipokuja kututembelea alikula ndizi alizopika wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayeishi naye. Nikipika mimi, wifi akapeleka, sahani inarudi vilevile na ujumbe juu yake: "Baba anasema ameshiba." Ameshiba nini, upepo? Nilipika wali, nikapika kuku wa kienyeji, nikapika hadi ndizi zao wenyewe kwa maziwa, zote zikarudi. Sijui alikuwa anaujuaje mkono wangu. Mume wangu akasema nisijali, mzee atazoea. Nilijali. Nilijali mpaka nikalia jikoni na kuvisingizia vitunguu. Nilitaka yule mzee ale chakula changu mara moja tu, basi, nijue kwamba mimi si mgeni kwenye nyumba ile.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi inauma mpaka masikio yanatamani kofia, mume wangu alikuwa kazini. Wifi, ambaye ndiye mpeleka sahani na mpeleka maneno wetu, alikwenda Mwanjelwa sokoni. Kununua nini? Ndizi, bila shaka. Baba mkwe naye, aliyekuwa mgeni wetu wiki hiyo, alitoka kwenda kumsalimia rafiki yake mtaa wa pili. Nyumba nzima tukabaki mimi na paka. Nikasema leo sipikii mtu, leo najipikia mwenyewe roho yangu inachotaka: tosti ya tuna, yule samaki wa kopo, na jibini.

Tosti hiyo niliijulia Mlandege, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa jirani na kwetu. Alinifundisha kwa kunigombeza. "Kamua mafuta yote ya kopo! Mkate si sifongo!" Kitunguu kikatwe kidogo kidogo, pilipili mbichi, kotmiri, ndimu, na mayonezi kijiko kimoja tu, samaki anapakwa, haogeshwi. Siagi inapakwa upande wa nje wa mkate, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Jibini inawekwa chini ya samaki na juu yake, ili ikiyeyuka imshike asitoroke. Ya kwangu ilitoka Iringa, mama yangu alinitumia kwa basi ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti mpaka habari za michezo zikahamia kwenye jibini.

Nimemaliza kupanga kila kitu, umeme ukakatika. Mashine ya tosti ikabaki pambo. Nikatoka uani, nikawasha jiko la mkaa, kikaango juu, mkate ndani, nikafunika, na juu ya mfuniko nikatandaza makaa machache kama tunavyooka keki. Moto chini, moto juu. Kazi hiyo haitaki kuachwa hata kidogo, lakini nilikuwa nimesahau sahani. Nikaingia jikoni kuichukua, na hapo nikasikia kikohozi.

Kikohozi cha baba mkwe nakijua hata nikiwa usingizini. Kumbe hakumkuta rafiki yake. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango, nikaona mgongo wa koti lake kubwa. Alikuwa amevuta kigoda mpaka kwenye jiko langu, amenyoosha mikono juu ya tosti yangu, anaota moto kwa raha zake. Pembeni yake alikaa paka, ambaye tangu nifungue lile kopo alikuwa amekuwa mcha Mungu ghafla, katulia, macho yote kwenye mfuniko.

Nikampigia wifi. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Harufu ya siagi ilianza nzuri, ikawa nzuri zaidi, halafu ikaanza kuwa siyo nzuri. Jamani! Jibini ya mama yangu, iliyosafiri na basi zima la watu, inaungua mbele ya mtu mzima na mimi nimefungiwa na heshima.

Nikajaribu ujanja. Nikajifunika kitenge kichwa kizima, nikatoka kinyumenyume, nikiwaza kwamba mtu asiyeona na asiyeonekana uso hajavunja mila yoyote. Hatua chache tu nikajinasa kwenye kamba ya nguo, suruali ya mume wangu ikanikumbatia shingoni, nikapiga teke ndoo, nikarudi ndani mbio. Mzee hakugeuka. Alikohoa tu, kikohozi kifupi cha mtu anayebana kitu kifuani.

Basi, uzalendo ukanishinda. Nikapaza sauti: "Paka! Mkate unaungua!"

Paka alitikisa sikio.

"Paka, nasema geuza huo mkate!"

Kisha nikasikia sauti ya baba mkwe, ambayo miaka yote hiyo nilikuwa nimeisikia kupitia ukutani tu, ikisema taratibu kwa heshima zote: "Paka anasema yeye hana vidole."

Nilijishika mdomo. Nikajibu: "Paka, basi muombe aliye karibu akusaidie."

"Paka anauliza, ageuze na nini?"

"Paka, mwiko uko juu ya meza ya vyombo. Na uangalie makaa ya juu yasidondoke."

Nikasikia mfuniko ukisogezwa, kisha chaaa ya siagi, kisha mguno. "Mwe! Paka anasema upande mmoja umekuwa rangi ya chai, siyo mkaa. Umewahiwa." Nikashukuru Mungu pale nyuma ya mlango, nikiwa bado nimevaa kitenge kichwani.

Mzee akavuta pumzi. "Paka anauliza, hii nyama ya ndani ni nini?"

"Samaki."

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Anatoka kwenye kopo, hana kichwa."

"Paka anasema kwetu Kyela samaki asiye na kichwa ni wa kutiliwa mashaka." Akagonga mwiko kwenye kikaango. "Halafu paka anauliza kitu kingine. Anasema mpishi ni Mhehe, na mbwa wa jirani hajamsikia akibweka tangu asubuhi."

Kila Mhehe anaujua utani huo, tunatupiwa popote tunapokwenda kwamba tunakula mbwa, na tumeshajifunza kucheka. Lakini siku ile nilikuwa na njaa, nina masizi usoni, na nina sahani zangu zote zilizorudi zikiwa zimejaa. Kabla sijafikiri ulimi ukafyatuka: "Paka, mwambie huyo aliyekutuma kwamba mbwa nimemwacha Iringa, hakuenea kwenye kopo!"

Nikataka ardhi ipasuke niingie. Nimemjibu baba mkwe! Na kwa ukali! Nikawaza habari zitakavyofika Kyela kabla ya jua kuzama, nikawaza mume wangu atakavyoitwa kwenye kikao, nikawaza kwamba sasa hata maji yangu hatakunywa. Niliogopa kweli, nikakaa juu ya gunia la mchele.

Kisha nikasikia kigoda kinalia. Nikachungulia. Mabega ya lile koti yalikuwa yanatikisika. Mzee alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho kwa mkono wa koti, mwiko bado ameushika.

Alipotulia akasema: "Paka anasema ana njaa."

"Paka, mwambie..." Nikaishika sahani. "Mwambie ale. Sahani hii hapa." Nikaisukuma sahani kwa mguu kizingitini, nikafunga mlango. Nikasikia akija, akiichukua, akirudi. Nikasikia mkate ukivunjika, ule mlio wa tosti iliyoiva. Halafu sauti yenye wasiwasi: "Paka anauliza, hii kamba inayovutika nayo inaliwa, au ni nailoni imeyeyuka?"

"Ni jibini, inaliwa! Izungushe kidoleni!"

Akala. Nasema alikula! Nilisikia akitafuna, nilisikia akinyonya vidole, nilisikia akimwambia paka asimsukume. Nilisimama nyuma ya mlango ule nikiwa na furaha ya kipumbavu, machozi yananitoka na hakuna kitunguu hata kimoja karibu. Kipande cha mwisho akamrushia paka, maana mkalimani naye anakula.

Nikaenda dirishani kunawa uso. Dirisha la jikoni linatazama upande wa pili, kwa jirani, na pale juu ya ukuta wa jirani alikuwa amelala paka wetu, kavimba tumbo, anajilamba masharubu juani. Kumbe alishapata kipande chake, akaondoka.

Na uani, baba mkwe, peke yake na jiko, akakohoa.

"Paka," akasema, "mwambie mwanangu, kama samaki bado yupo, atengeneze kipande kingine."

Nikashika kopo. "Paka," nikamjibu, "mwambie baba achochee moto, nakuja nacho."